Dahabo, Uliyesimama kwenye Mstari Mfupi

Mwaka umetimia, Dahabo, tangu siku ile ya Oktoba tulipokuteremsha kaburini, upepo ukitutia vumbi machoni hata asiyelia akaonekana analia. Mwaka mzima, na mimi nikimaliza kuchinja bado natenga maini ya kupeleka nyumbani. Nafika nayo mlangoni ndipo nakumbuka kwamba aliyekuwa akiyapenda hayupo.

Wanasema tangazo la kumbukumbu ni picha na maneno machache. Picha yako iliyopo ni ile ya kipande, yaani kitambulisho, tu, nayo hukuipenda. Ulisema walikupiga ukiwa na hasira ya kusimamishwa juani. Kwa hiyo nimeacha picha, nimeongeza maneno. Niliacha shule darasa la nne, na binti yetu Abiba amenisaidia kunyoosha sentensi. Yaliyomo ni yangu.

Watu wa Isiolo wanakukumbuka kwa mambo mawili: maziwa, na siku ya mlolongo wa kura. Maziwa wanayasema vizuri. Ya mlolongo wengi wanayasema vibaya, na leo nataka yasemwe sawasawa. Tena nitamtaja Ibrae, kaka yako, kwa sababu ulikufa ukimsubiri.

Kila asubuhi ulitoka hapa Bulla Pesa na mitungi yako kwenda kungoja lori la Kinna, ambako shangazi zako walikukamulia. Ulifungua mtungi, ukanusa, ukafunga. Hukuonja kamwe. Ukikubali, umekubali. Ukikataa, dereva alirudi nao bila ubishi, kwa maana alikujua. Mwanamke akikuambia, "Dahabo, leo maziwa yako ni mepesi," ulimjibu, "Mepesi ni mkono wako, hebu shika vizuri." Kisha ulimwongezea kidogo na wote wawili mkacheka.

Aliyejifungua hakulipa kwako mpaka mtoto afikishe arobaini. Hukuuliza ni Mborana, Msomali, Mmeru au Mturkana. Jane, jirani yetu muuza makaa, alipomzaa kitinda mimba wake ulimpelekea maziwa kila siku, naye mpaka leo akipita mlangoni petu anapunguza mwendo.

Ulikuwa na kikombe kimoja ambacho mtu mwingine hakukigusa. Kilikuwa cheupe, cha bati la rangi, mdomo wa buluu umebanduka upande mmoja. Kilining'inia kwenye msumari wake peke yake. Kilikuwa cha Ibrae. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula kwetu, akanywa chai ndani ya kikombe hicho, na mkasemana kama watoto. Yeye ndiye aliyekulea baada ya baba yenu kufa. Wakati wa Daba, miaka ya vita vya shifta, watu walipofungiwa ndani ya seng'enge pamoja na mifugo yao, alikuwa akikupa posho yake na kusema ameshiba. Uliniambia hayo mwaka tuliooana, na hukuyarudia. Sikuhitaji urudie. Niliona jinsi ulivyokuwa ukikisugua kile kikombe.

Sasa nije kwenye jimbo.

Vijana wanaosoma hapa hawatajua, lakini mji wetu ulikuwa na kiti chake bungeni, mbali na kile cha watu wa mashambani. Tuliliita Jimbo la Mjini. Lilikuwa dogo. Ng'ombe akikata kamba angeweza kuwa nje ya jimbo kabla mwenyewe hajavaa viatu. Ndani yake ilikuwa Bulla Pesa, soko, kichinjio, maduka ya barabarani na nyumba za wafanyakazi, basi.

Uchaguzi wa kwanza ninaoukumbuka ni wa sabini na nne. Ulivaa guo lako la harusi ukaenda kupiga kura kabla hata ya kuchukua maziwa. Uliporudi nilikuuliza mbona unatabasamu. Ulisema ni mara ya kwanza mtu wa serikali kukuuliza unataka nini badala ya kukuuliza unatoka wapi.

Nikauliza, "Umempigia nani? Mwenye alama ya taa au ya ufunguo?"

Ukasema, "Nimepiga."

Hilo likawa jibu lako sabini na nne, sabini na tisa, na themanini na tatu. Nilikubembeleza, nilikutega, nilikununulia kanga. "Nimepiga, Baba Abiba." Nilikuwa nikilala kitanda kimoja na mpiga kura na sijui kura yake. Ilinikera, na sasa natamani unikere tena.

Mbunge wa kwanza alituletea bomba la maji pale mtaani. Wa pili alikuja kulifungua upya bomba lilelile, na ngoma zikapigwa. Wa tatu aliahidi kulitengeneza. Hiyo ndiyo historia ya jimbo letu, kwa maoni ya mtu anayebeba maji. Lakini wewe hukukosa hata mara moja. Ulisema bomba ni la mbunge na kura ni ya Dahabo, na hivyo si vitu vya kuchanganya.

Mimi sikuwahi kuchukua kadi ya chama. Sikupenda kupangwa. Kwa hiyo ulipokuja mlolongo wa wanachama kumteua mgombea, mwaka jana mwezi wa pili, mimi nilikuwa wa kutazama tu.

Kabla ya hapo, mwezi wa kwanza, mama yangu alifariki. Nyumba ilijaa watu siku nyingi. Kila aliyekuja alikuja na kitu, huyu sukari, huyu majani ya chai. Ndipo akaja Ekidor.

Ekidor nilimjua kwa sababu alinunua ngozi pale kichinjioni. Alikuwa Mturkana, mtu wa kanisa, mpole, anayeongea akiangalia kofia yake. Tulikuwa tumesikia kwamba anataka kiti cha mjini, tukacheka, kwa sababu watu wake hawakuwa wengi, na mgombea wa watu wetu, Godana, alikuwa na magari na vipaza sauti. Ekidor alikuja kwa miguu na mfuko wa kahawa mbichi, ile yenye maganda. Mtu alimwambia kwamba ukienda kwa Waborana, beba buna.

Wasiojua nitawaambia. Buna kwetu ni punje za kahawa zinazokaangwa kwa samli mpaka zipasuke, halafu zinaombewa dua na watu wanakula pamoja. Zinaletwa kwenye msiba. Zinaletwa pia na mtu mwenye ombi, kama anayetaka mchumba. Ombi ukilikataa, unamrudishia buna yake mbichi kama alivyoileta. Ukiikaanga, ukaiombea na ukaila, umemjibu. Hakuna kusema tena.

Wewe uliona mfuko, ukaona nyumba ya msiba, ukajua ni ya msiba. Nani angejua vingine? Uliikaanga palepale. Harufu ikajaa nyumba. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa marehemu, niliomba dua. Niliomba mama apumzike, aliyemtangulia ampokee, na nikamaliza kama tunavyomaliza siku zote: "Na aliyeileta buna hii apate alichokijia."

Watu wote wakasema amin. Wewe ulisema kwa sauti kuliko wote.

Tukala. Tukajipaka samli mikononi na kichwani. Ekidor naye akala, akajipaka kama alivyotuona. Kisha akasimama, akaangalia kofia yake.

"Asanteni sana. Nimekuja kuwapa pole ya mama. Na pia, msinione nimekosa adabu, nimekuja kuomba kura."

Mzee mmoja alicheka mpaka punje ikampalia, akapigwa mgongo. Mwingine akamwambia, "Ekidor, wewe ni mjanja kuliko fisi wa Kipsing! Umetulisha kwanza!" Yeye hakuelewa kinachochekesha. Akacheka pia, kwa adabu, akatuaga, akaenda zake.

Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshika sufuria tupu ya buna na unaitazama ndani.

Watu walipotawanyika nikakuambia, "Achana nayo. Hakujua, na wewe hukujua. Ni makosa tu."

Ukasema, "Dua ulimwombea nani, Chachu?"

"Mama."

"Na nani mwingine?"

Nikaanza kukunja mikeka. Ukaenda kuosha sufuria.

Ibrae hakuwako siku hiyo. Alikuwa Garbatulla kununua maksai, maana kazi yake ni udalali wa ng'ombe. Alirudi Ijumaa, akaja kula, na akiwa ameshika kikombe chake akakuambia kwa furaha kwamba Godana amemchagua kuwa wakala wake Bulla Pesa. Siku ya mlolongo angesimama mbele kabisa ameshika picha ya Godana, na watu wangepanga mstari nyuma yake.

"Na wewe utakuwa wa kwanza nyuma yangu," alisema. "Nataka watu waone. Dada yangu, halafu Bulla Pesa yote."

Ukamwambia habari ya buna.

Mwanzoni alicheka. Kisha akaona uso wako.

"Dahabo, hiyo ilikuwa buna ya msiba. Msiba hauna kura."

"Aliileta na ombi, Ibrae. Nikaikaanga. Tukaitikia amin."

"Basi nitanunua kilo mbili, nimpelekee. Kilo tatu!"

"Yake iko tumboni mwangu. Utampelekea ya nani?"

"Mturkana hajui hata hiyo kitu ni nini! Alidhani ni chai!"

"Mimi najua ni nini."

Akanigeukia. "Shemeji, mwambie mke wako."

Nikamwambia mimi sina kadi ya chama. Ibrae akaweka kikombe chini kikiwa na chai nusu. Kabla ya siku ile hakuwahi kuacha chai.

Ningependa watu wajue kwamba hata Ekidor mwenyewe alikuachilia. Mtu alimweleza maana ya buna, akashtuka, akaja mbio mpaka pale ulipokuwa ukingojea lori. Nilikuwapo, nilikuletea mtungi uliousahau.

"Mama Abiba, haki ya Mungu sikujua. Nisamehe. Nakuachilia kabisa. Simama na kaka yako, mimi sitakuwa na neno."

Ulikuwa ukinusa maziwa. Ukafunga mtungi kwanza.

"Ekidor, si wewe uliyenifunga."

"Basi ni nani?"

"Tulimwombea mama mkwe wangu juu ya ile buna. Nikisema sehemu yako ilikuwa ya mchezo, sehemu yake ilikuwa ya nini?"

Ekidor akanitazama nimsaidie. Nami ningemsaidia vipi, Dahabo? Ulikuwa unazungumza habari ya mama yangu.

Mwaka wowote mwingine lisingekuwa jambo. Ungeingia na karatasi yako, ungetoka, ungesema "nimepiga," na Ibrae angekunywa chai yake. Lakini mwaka ule walisema hakuna karatasi kwanza. Ni miguu. Unasimama nyuma ya picha ya unayemtaka, mbele ya mji mzima, mchana. Na anayepata zaidi ya sabini kwa mia anapita moja kwa moja.

Siku yenyewe mimi nilikuwa nje ya ua wa shule, nimeshika seng'enge, kwa sababu wasio na kadi hawakuruhusiwa ndani. Ibrae alikuwa amesimama amevaa kanzu nyeupe, picha ya Godana kifuani. Nyuma yake mstari ulizunguka madarasa ukarudi tena. Upande wa pili Jane alikuwa ameshika picha ya Ekidor. Mstari wake ungeweza kuusitiri kwa kivuli cha ukuta mmoja. Walikuwa Waturkana, wapagazi wa soko, na wazee wawili wa kanisa.

Ukaingia. Ulivaa lile guo la harusi.

Ibrae alikuona mapema. Aliinua picha juu zaidi. Wanawake waliokuwa mbele kwenye mstari wake, wanawake uliowauzia maziwa na kuwapa bure walipojifungua, walirudi nyuma hatua moja wakakuachia nafasi. Nafasi ya mtu mmoja, papo hapo nyuma ya mgongo wa kaka yako. Mwenzako mmoja akaita, "Dahabo, njoo, tumekuwekea!"

Ulienda hadi kwa Ibrae. Nilidhani umebadilisha nia. Na niseme wazi, moyo wangu ulifurahi, maana nilijua yatakayokuja. Ukasimama mbele yake, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka kwangu kwenye seng'enge:

"Salaam aleikum, Ibrae."

Hakuitikia. Mwislamu akisalimiwa hivyo anaitikia hata kama ni adui. Yeye aliangalia juu ya kichwa chako.

Ulingoja kidogo. Kisha ukavuka uwanja. Ulitembea polepole, kama ulivyokuwa ukitembea na mtungi uliojaa. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mwingine akapiga kelele, "Umepotea njia, mama! Wenu ni huku!" Ukasema, "Naona vizuri," ukaenda ukasimama mwisho wa mstari wa Ekidor. Hakuna aliyekuja nyuma yako. Mpaka walipomaliza kuhesabu, wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho, na nyuma yako ilikuwa vumbi tu na mimi, na kati yetu seng'enge.

Godana alipita moja kwa moja. Hilo halikuwa na shaka hata kabla hujaamka. Kura yako haikumsaidia Ekidor, haikumdhuru Godana. Wapo wanaosema ulinunuliwa. Wapo wanaosema ulitaka kumwaibisha kaka yako kwa sababu ya urithi. Nimewasikia kichinjioni, nao wanajua nimewasikia, kwa sababu nilikuwa na kisu mkononi na nikawaambia waondoke.

Baada ya hapo lori la Kinna lilikuja na mitungi michache. Kisha likaja bila mtungi wako. Shangazi zako walituma neno kwamba ng'ombe wamekauka, na wakati huo mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Ulinunua kwa watu wengine, maziwa ambayo hukuyapenda harufu, ukakaa nayo pale barabarani, na wateja wako wakapita wakiangalia upande mwingine. Jane alinunua. Wapagazi walinunua kidogo. Yaliyobaki yaliganda, tukayanywa sisi. Tulikunywa mgando mwaka ule mpaka Dadacha, mdogo wa Abiba, akaanza kuukimbia.

Hukulalamika. Lakini nyumba ilinyamaza, Dahabo. Wewe uliyekuwa ukigombana hata na kuku ulianza kusema kwa sauti ya chini, kama mgeni.

Kila Ijumaa ulikitoa kikombe msumarini, ukakisugua kwa majivu, ukakiweka kwenye sinia karibu na birika. Baada ya sala ulisikiliza nyayo. Wanaume walipita nje wakirudi kutoka msikitini, na wewe ulizijua nyayo za Ibrae kati ya zao, kwa sababu kila mara ulisimamisha kazi hapo hapo. Zilipita. Ulingoja mpaka chai ikapoa, ukakirudisha msumarini. Juma lililofuata vivyo hivyo.

Nilikuambia niende nimseme. Ukakataa. Ukaniambia jambo, na ukanikataza nisiliseme. Nitalifikia.

Ulipougua kifua nilimtumia habari. Hakuja. Ulipozidiwa nilimtumia tena, na siku ile ile ukatutoka, kwa hiyo sijui kama alikuwa njiani au la. Hajaniambia na sijamwuliza. Ijumaa ya mwisho hukuweza kuinuka, ukamwambia Abiba akisugue wewe ukimwangalia. "Na huko chini," ulisema. "Hujafika chini."

Mazikoni alikuja. Alisimama mbali na sisi, karibu na ukuta. Zamu ilipomfikia alitupa udongo, akageuka, akaondoka bila kula na bila kusema na mtu.

Ekidor alikuja nyumbani siku ya pili. Alikuwa na mfuko mkononi. Nilijua kilichomo kabla hajafungua.

Nikamwuliza, "Hii ni ya msiba au ya kura?"

Akatokwa na machozi, mtu mzima. "Ya msiba, Baba Abiba. Ya msiba peke yake."

Abiba aliikaanga. Niliomba dua, na nilipofika pale mwisho, "aliyeileta apate alichokijia," sauti ikanikatika. Jane akamalizia kwa Kiturkana, na wote tukasema amin.

Sasa nikupe habari ambayo hukuipata. Mwaka huu, mwezi wa saba, tuliitwa barazani tukaambiwa kwamba Jimbo la Mjini halipo tena. Mji umeunganishwa na eneo la mashambani, litakuwa jimbo moja kubwa. Godana atamaliza muda wake na baada yake hakuna wa kukalia kile kiti, kwa sababu kiti chenyewe kimeondolewa. Watu walipiga makofi kidogo, wakaenda nyumbani. Bomba bado halitoi maji.

Nilikaa pale barazani kila mtu alipoondoka. Nilifikiri juu ya ule uwanja, na nafasi ya mtu mmoja waliyokuachia. Yote yale yalikuwa kwa ajili ya kitu ambacho mtu amekiondoa kwa kusoma karatasi, na hata hakupandisha sauti.

Kesho yake nilienda soko la ng'ombe. Ibrae alikuwa anashika meno ya maksai. Hatukuwa tumesemezana tangu mlolongo.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia nini?"

"Kiti chenu hakipo."

Akaendelea kuangalia yale meno. "Kimeenda wapi?"

"Hakikuenda popote. Kimefutwa."

Mwenye maksai akasema, "Wazee, mnanunua au mnafanya siasa?" Ibrae akamwachia mnyama mdomo. Alifuta mikono kwenye kikoi, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Shemeji," alisema, "alikuwa anasemaje? Kabla hajafa. Alinisema?"

Hapo ndipo nilipokuwa na lile jambo lako mdomoni. Ningelisema angeanguka pale pale kwenye mavi ya ng'ombe. Sikulisema, kwa sababu ulinikataza.

Nikamwambia, "Alikuwa anaosha kikombe chako kila Ijumaa."

Nikaondoka.

Hakuja Ijumaa iliyofuata, wala mwezi ule. Nilianza kusugua kikombe mimi mwenyewe. Abiba alitaka kunisaidia, nikamkataza. Mtu aliyeoga damu ya ng'ombe miaka yote hii, nakaa na majivu na kikombe. Nyumba ni kubwa sasa, Dahabo, na wewe ulikuwa ukisema ni ndogo.

Ijumaa mbili zilizopita, baada ya sala, nyayo zilisimama mlangoni. Mimi sikuinuka. Kisha akaingia, akaenda mpaka penye msumari, akakishusha kikombe yeye mwenyewe, akakaa mahali pake. Nikammiminia. Alikunywa yote. Aliangalia kikombe ndani, akasema, "Kiko safi." Nikasema, "Ndiyo." Tukakaa mpaka jua likageuka.

Alipokuwa anaondoka nilimwambia kwamba naandika haya, na kwamba mwisho nitayataja majina ya wanaokukumbuka. Akauliza kama la kwake linaweza kuwemo. Nikasema wewe ni kaka yake, utakuwa wa kwanza.

"Hapana," akasema. "Niweke nyuma kabisa."

Sasa kwa kuwa amekuja mwenyewe, naweza kusema ulichonikataza. Ulikataza tu kabla hajaja. Ulisema, "Akija, aje kwa sababu mimi ni dada yake. Asije kwa sababu ya Godana."

Ibrae, soma hapa. Ile jioni baada ya mlolongo nilimwuliza kama nilivyokuwa nikimwuliza siku zote. Nilisema kwa mzaha, kumchangamsha: "Leo nimekuona. Umempigia Ekidor." Akasema, "Nimesimama kwa Ekidor. Kura yangu ilikuwa ya Godana. Kungekuwa na karatasi ningempa." Katika miaka yote ile, hiyo ndiyo kura pekee aliyoniambia. Alikuwa na wewe, Ibrae. Alikuwa na wewe tangu ulipomletea habari na kikombe mkononi. Lakini alikuwa amekula buna, na watu walikuwa wanatazama, na ile amin ilikuwa pia ya mama yangu, aliyelala kwenye udongo mbichi.

Dahabo, nimemaliza. Wanaokukumbuka ni hawa, nimewapanga kama walivyokuja:

Mimi Chachu, mume wako, ambaye mara hii hakuna seng'enge ya kunizuia.

Abiba, binti yako, ambaye sasa ndiye anayenusa maziwa.

Dadacha, mwanao, ambaye ameanza kuupenda mgando.

Shangazi zako wa Kinna, ambao mwezi uliopita walituma mtungi mmoja bila neno lolote.

Jirani yako Jane.

Ekidor.

Na nyuma yao wote Ibrae, kaka yako. Ameniomba niandike neno moja baada ya jina lake, akasema wewe utajua ni la lini:

Waaleikum salaam, Dahabo.

Tuko nyuma yako. Hatukusahau, wala hatutoki mstarini.